Muuaji Anajulikana, Hafungwi

Katika riwaya ya upelelezi iliyozoeleka, mauaji ni doa kwenye kanzu nyeupe. Mpelelezi hufika, hutazama kile ambacho wengine wamekipuuza, hufikiri, kisha huwakusanya wahusika na kumwonyesha muuaji kwa kidole. Polisi humchukua, doa hutoka, kanzu hurudi sandukuni. Ndivyo zilivyo hadithi za Sherlock Holmes, na ndivyo alivyofanya kazi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipochapishwa mwaka 1960.

Msomaji aliyelelewa na vitabu hivyo akikutana na Dashiell Hammett, Raymond Chandler au Didier Daeninckx, hufunga kitabu akiwa na swali: mpelelezi amemjua muuaji, ushahidi anao, mbona hakuna anayefungwa? Wengine hudhani mwandishi alikosa namna ya kumalizia. Sura hii inaeleza mwisho huo ulitoka wapi, unajengwaje, na kwa nini riwaya ya Kiswahili ya kusisimua ilichukua karibu kila kitu cha mtindo huu isipokuwa mwisho wake.

## Sugu na weusi

Wamarekani waliupa mtindo huu jina la yai: yai lililochemshwa mpaka likawa gumu ndani na nje. Kiswahili kina neno linalofaa kuliko yai. Sugu ni ngozi ya kiganja iliyokomaa kwa kusuguana na mpini wa jembe. Haikuzaliwa ngumu, imefanywa ngumu na kazi. Mpelelezi wa riwaya hizi ni mpelelezi sugu kwa maana hiyo hiyo. Ameona mengi, hasemi sana, hupigwa na huinuka, na hashtuki akiambiwa kwamba mkuu wa polisi anakula pamoja na majambazi.

Jina la pili, riwaya nyeusi, lilitoka Ufaransa. Mwaka 1945 Marcel Duhamel alianzisha katika shirika la uchapishaji la Gallimard mjini Paris mfululizo wa vitabu vya jalada jeusi na njano, akauita *Série noire*, yaani Mfululizo Mweusi. Vitabu vyake vingi vya mwanzo vilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza. Majina haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, lakini yanataja mambo tofauti. Usugu ni tabia ya mtu. Weusi ni hali ya dunia anamoishi. Mpelelezi sugu anaweza kuwekwa katika dunia yenye haki na akamaliza kazi yake kwa furaha. Riwaya inakuwa nyeusi pale anapogundua kwamba wale ambao angewapelekea ushahidi wamo ndani ya kesi.

Hapo ndipo inapoingia njama ya dola. Njama ni mapatano ya siri ya kutenda uovu. Dola ni zaidi ya serikali iliyoko madarakani leo: ni polisi, mahakama, idara za usalama, ofisi za kumbukumbu, vyote vinavyobaki pale pale mawaziri wakibadilishwa. Njama ya dola basi ni mapatano ya watu wenye mamlaka ya umma kuyatumia mamlaka hayo kutenda uhalifu, au kuufunika uliokwisha kutendwa. Sehemu ya pili ya maana hiyo ndiyo muhimu zaidi kwa riwaya. Kuua kunahitaji mtu mmoja na dakika moja. Kufunika kunahitaji ofisi nzima na miaka.

Mfano wa kiwanja unatosha kueleza. Mtu amenunua kiwanja, kisha anakuta mwingine amejenga msingi juu yake akiwa na hati halali. Ikiwa ametapeliwa na dalali, hiyo ni hadithi ya kawaida: dalali atafutwe, akamatwe. Lakini tuseme anakwenda ofisi ya ardhi na kuambiwa faili halionekani. Anakwenda kituo cha polisi, anaambiwa aje kesho, na kesho anaambiwa vivyo hivyo. Mwandishi wa gazeti anamsikiliza vizuri, anaandika kila neno, na habari haitoki. Hakuna aliyemtisha wala kumpiga kofi. Taratibu anaelewa kwamba faili halikupotea, kwamba dalali ni mtu mdogo kabisa katika jambo lile, na kwamba kumjua mwizi hakujamsaidia chochote. Mtu huyo yumo tayari ndani ya riwaya nyeusi.

## Mji wa shaba

Aliyeupa mtindo huu nguvu hakuwa mtu wa fasihi. Samuel Dashiell Hammett, aliyezaliwa Maryland mwaka 1894, aliajiriwa na shirika la upelelezi la Pinkerton akiwa Baltimore mwaka 1915, akafanya kazi huko kwa vipindi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kifua kikuu kilipomdhoofisha. Pinkerton lilikuwa shirika la binafsi lililoanzishwa Chicago katikati ya karne ya 19. Nembo yake ilikuwa jicho lililo wazi, na ndiyo sababu kubwa Wamarekani wanamwita mpelelezi wa kujitegemea "jicho". Lilitafuta wezi wa benki na watu waliotoroka, lakini wateja wake wakubwa walikuwa wenye viwanda na migodi, na walichokinunua kwake mara nyingi ni watu wa kuvunja migomo. Mwaka 1892 watu wa Pinkerton wapatao 300 walipelekwa kwa majahazi hadi kwenye kiwanda cha chuma cha Homestead, Pennsylvania, wakapigana kwa bunduki na wafanyakazi waliogoma.

Hivyo Hammett aliijua kazi ya upelelezi kutoka upande ambao riwaya za awali hazikuugusa: upande wa anayelipa. Na mahali panapohusishwa zaidi na kitabu chake cha kwanza ni Butte, mji wa shaba katika jimbo la Montana.

Butte ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Anaconda. Kampuni ilimiliki migodi, ilikuwa na sauti kubwa katika bunge la jimbo, na hatimaye ilimiliki sehemu kubwa ya magazeti ya kila siku ya Montana, hali iliyodumu hadi mwaka 1959. Tarehe 8 Juni 1917 moto ulizuka katika mgodi wa Speculator ukaua watu 168. Wachimbaji wakagoma. Frank Little, mratibu wa chama cha wafanyakazi cha Industrial Workers of the World, alifika kuwapa nguvu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti watu waliofunika nyuso walimtoa kwenye nyumba ya wageni alimolala, wakamburuta nyuma ya gari, wakamnyonga kwenye daraja la reli. Mji mzima ulikuwa na fununu za waliohusika. Hakuna aliyeshtakiwa.

Lillian Hellman, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mwenzi wa Hammett kwa miaka mingi, aliandika baadaye kwamba Hammett alimweleza jinsi alivyoahidiwa dola 5,000 amuue Little, akakataa. Watafiti wanabishana kama ahadi hiyo ilitolewa kweli. Lisilobishaniwa ni kitabu. *Red Harvest*, yaani Mavuno Mekundu, ilitoka kwanza kwa vipande vinne katika jarida la *Black Mask* kuanzia Novemba 1927, kisha ikawa kitabu mwaka 1929. *Black Mask* lilikuwa moja ya majarida ya bei rahisi yaliyopigwa chapa kwenye karatasi duni na kuuzwa kwa mafundi, makarani na wafanyakazi wa bandari. Wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa mgomo ni nini.

Katika riwaya hiyo mpelelezi asiye na jina anaitwa katika mji wa migodi uitwao Personville, ambao wakazi wake hulitamka jina hilo kama "mji wa sumu". Aliyemwita ni mwenye gazeti, na anauawa kabla hawajaonana. Baba wa marehemu, mzee Elihu Willsson, ameumiliki mji kwa miaka 40: mgodi, benki, magazeti, na seneta juu yake. Wafanyakazi walipogoma aliwaleta majambazi wenye bunduki wawavunje. Mgomo ulivunjika, majambazi hawakuondoka. Waligawana mji, na mkuu wa polisi akawa mmoja wao.

Hadi hapo msomaji hungoja mpelelezi ausafishe mji, na kwa namna moja anausafisha. Anawagombanisha wenye bunduki mpaka wanamalizana, na maiti zinarundikana kiasi kwamba yeye mwenyewe anaanza kuogopa jinsi anavyoyafurahia mauaji. Mwishoni jeshi la akiba la jimbo linaingia kutuliza hali. Kisha mji unarudishwa kwa Elihu Willsson, yule yule aliyeleta majambazi. Muuaji wa mwanawe alishajulikana zamani, mapema katika kitabu, na jambo hilo halikubadilisha chochote. Hapa ndipo jibu la swali la wasomaji lilipoandikwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu. Hammett alikuwa ameona mji ambamo mwenye mali, mwenye gazeti na anayemwajiri mpelelezi walikuwa mtu mmoja, na hakutaka kuudanganya umma kwamba mji kama huo una mahali pa kupeleka ushahidi.

Miaka miwili baadaye, katika *The Glass Key*, alikwenda mbali zaidi: muuaji ni seneta, na aliyeuawa ni mwanawe wa kumzaa.

Maisha ya Hammett yalikuja kufanana na vitabu vyake kwa namna ya kusikitisha. Alijiunga na mrengo wa kushoto katika miaka ya 1930. Mwaka 1951 aliitwa mahakamani aeleze majina ya waliochangia mfuko wa dhamana za washtakiwa wa kisiasa, mfuko aliokuwa mmoja wa wadhamini wake. Akakataa kujibu, akafungwa kwa kuidharau mahakama, akakaa gerezani kiasi cha miezi mitano. Mwaka 1953 alihojiwa na kamati ya Seneta Joseph McCarthy, na vitabu vyake vikaondolewa kwa muda katika maktaba za serikali ya Marekani nchi za nje. Alifariki mwaka 1961. Kwa kuwa alikuwa ametumikia jeshi katika vita vikuu vyote viwili, alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

## Namna mtego unavyotegwa

Riwaya za aina hii zina ufundi wake wenye nguzo nne, na ufundi huo hurudiwa kitabu baada ya kitabu kwa sababu unafuata jinsi njama halisi zinavyofanya kazi.

- Mteja ni mwongo. Anamwajiri mpelelezi amtafute mtu au kitu, lakini sababu anayoitoa si ya kweli. Mara nyingi mpelelezi ameajiriwa ili amfikishe muuaji kwa mtu aliyejificha.
- Kesi ndogo imekaa juu ya kesi kubwa. Msichana aliyepotea, mume anayeshukiwa kuzini, deni la kamari: mpelelezi akivuta uzi huo, unafuatwa na nguo nzima.
- Anayesimulia ni mpelelezi mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, hivyo msomaji hajui zaidi ya anachokijua yeye. Anadanganywa pamoja naye na kupigwa pamoja naye.

Nguzo ya nne inastahili maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha riwaya nzuri na mbovu. Ni kwamba njama haina kichwa kimoja. Waandishi dhaifu humweka mtu mmoja mbaya kwenye ofisi ya juu, mwenye kovu na kicheko, anayeamuru kila kitu. Waandishi wa kweli huonyesha watu wengi wa kawaida, kila mmoja akifanya sehemu yake ndogo. Karani anaweka faili kwenye kabati lisilo lake. Daktari anaandika kwamba marehemu alikunywa kupita kiasi. Askari wa zamu anakumbuka kwamba usiku ule alikuwa msalani. Hakimu anaahirisha. Kila mmoja ana familia na ada za shule, na kila mmoja akiulizwa atasema, kwa ukweli, kwamba hakuua mtu. Mpelelezi akifika mwisho wa mnyororo hakuti mkono ulioshika kisu. Anakuta mikono ishirini, na hakuna hata mmoja wenye damu ya kutosha kumtia mtu hatiani.

Kwa ufupi: muuaji hafungwi kwa sababu katika riwaya hizi kuua ni sehemu ndogo ya uhalifu. Sehemu kubwa ni kimya kinachofuata, na sheria haina kifungu cha kushtaki kimya.

## Los Angeles: bomu la gari na maji ya jangwani

Raymond Chandler alikuwa mtu tofauti kabisa na Hammett. Alizaliwa Chicago mwaka 1888, akasomeshwa Uingereza, akawa meneja katika kampuni ya mafuta Los Angeles hadi alipofukuzwa kazi mwaka 1932, kwa ulevi na utoro. Alianza kuandika akiwa na zaidi ya miaka 40, kwa kuwa alihitaji fedha. *The Big Sleep*, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1939.

Mji aliouandika ulikuwa umetoka tu kwenye kashfa ambayo ingeonekana imetiwa chumvi kama angeibuni yeye. Januari 1938 bomu lililotegwa kwenye gari la Harry Raymond, mpelelezi wa kujitegemea aliyekuwa akichunguza ufisadi wa utawala wa jiji, lililipuka alipowasha injini. Raymond alijeruhiwa vibaya, akapona. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliomtega walikuwa polisi wa jiji, chini ya Kapteni Earl Kynette, mkuu wa kikosi cha siri kilichowapeleleza wapinzani wa meya. Kynette alifungwa. Septemba mwaka huo huo wapiga kura walimwondoa madarakani Meya Frank Shaw kabla ya muda wake kwisha.

Ndipo panapoeleweka kwa nini mpelelezi wa Chandler, Philip Marlowe, anawaogopa polisi kuliko majambazi. Katika *Farewell, My Lovely* ya mwaka 1940 kuna mji wa pwani uitwao Bay City, ambao ni Santa Monica iliyobadilishwa jina. Mwenye meli za kamari amemnunua meya, na askari wa mji wanampiga Marlowe na kumfungia katika hospitali ya binafsi anakodungwa dawa. Chandler hakupanga njama zake kwa umakini wa Hammett, na baadhi ya visa vyake vina matundu. Alichokifanya vizuri kuliko mtu yeyote ni kuonyesha jinsi ufisadi unavyonukia: ofisi zenye mazulia mazito, maneno ya upole, na onyo linalotolewa kama ushauri wa rafiki.

Filamu iliyoufikisha mtindo huu kileleni ilitoka mwaka 1974. *Chinatown*, iliyoandikwa na Robert Towne na kuongozwa na Roman Polanski, imewekwa Los Angeles ya mwaka 1937. Mpelelezi Jake Gittes anaajiriwa kuchunguza ndoa ya mhandisi mkuu wa idara ya maji. Mwanamke aliyemwajiri si mke wa mhandisi. Mhandisi anakutwa amekufa maji katikati ya ukame. Gittes anagundua kwamba maji ya jiji yanamwagwa usiku kwa siri ili wananchi waone ukame ni mkali na wakubali bwawa jipya lijengwe, huku ardhi kavu itakayopata maji hayo ikinunuliwa kwa majina ya wazee wa nyumba ya kutunzia wazee, wasiojua hata kwamba wana shamba.

Nyuma ya hadithi hiyo kuna historia halisi, ya miaka thelathini nyuma zaidi. Kuanzia mwaka 1905 meya wa zamani Fred Eaton alinunua ardhi na haki za maji katika bonde la Owens, na wakulima wengi waliamini kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mradi wa umwagiliaji wa serikali kuu. Maji yalikuwa ya Los Angeles. Mfereji wa kilomita 375 hivi, uliosimamiwa na mhandisi William Mulholland, ulifunguliwa Novemba 1913. Matajiri waliojua mapema walikuwa wamekwisha kununua bonde la San Fernando, mahali ambapo mfereji ungemalizikia, na miongoni mwao walikuwamo wenye magazeti yaliyowahimiza wananchi wapige kura ya kuufadhili. Katika miaka ya 1920 ziwa la Owens lilikauka, na wakulima waliokata tamaa wakaulipua mfereji kwa baruti zaidi ya mara moja.

Historia hiyo inatisha kuliko filamu. Katika filamu kuna mauaji. Katika historia karibu kila hatua ilipitia kwenye hati zilizotiwa saini na kura zilizohesabiwa. Towne aliona kwamba uhalifu wa aina hiyo hauwezi kuonekana kwenye skrini, kwa hiyo akaufunga pamoja na uhalifu wa nyumbani, uovu wa baba kwa bintiye, ili mtazamaji auhisi. Alitaka filamu imalizike kwa haki angalau kidogo. Polanski akakataa, na mzee Noah Cross, baba huyo na mwenye njama yote, anaondoka na kila kitu.

## Faili zilipofunguliwa

Wiki chache baada ya *Chinatown* kuonyeshwa, tarehe 9 Agosti 1974, Rais Richard Nixon alijiuzulu kwa sababu ya kashfa ya Watergate, iliyoanzia kwenye uvamizi wa ofisi na kukua kwa sababu ya jitihada za kuufunika. Mwaka uliofuata kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilichunguza idara za ujasusi, na taarifa yake ikaonyesha mipango ya kuwaua viongozi wa nchi za nje. Mmoja wao alikuwa Patrice Lumumba wa Kongo. Mwaka 1960 shirika la CIA lilipeleka sumu Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa ajili hiyo. Sumu haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na tume ya bunge la Ubelgiji ilitamka mwaka 2001 kwamba baadhi ya watu wa serikali ya nchi hiyo na Wabelgiji wengine walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mambo yaliyosababisha kifo chake. Kwa watu wa Kongo waliokuwa wakisema hivyo tangu siku ya kwanza, taarifa hizo hazikuleta habari mpya. Zilileta muhuri.

Waandishi walikuwa wanakimbizana na magazeti. Katika riwaya ya James Grady ya mwaka 1974, iliyokuwa filamu ya *Three Days of the Condor* mwaka 1975, shujaa ni mtumishi wa CIA ambaye kazi yake ni kusoma riwaya za mauaji akitafuta mbinu na siri. Anatoka kwenda kununua chakula cha mchana, akirudi anakuta wenzake wote wameuawa, na waliotuma wauaji ni watu wa shirika lake. Mwishoni mwa filamu amekwisha kuyakabidhi yote kwa gazeti kubwa la New York. Mkubwa wa ujasusi anamwuliza ana hakika gani kwamba litachapa. Filamu inakatika hapo. Ni swali lile lile la Butte, ambako kampuni ilimiliki magazeti.

## Paris, usiku wa Oktoba 17

Riwaya iliyoonyesha kwa nguvu zaidi kile ambacho mtindo huu unaweza kufanya haikuandikwa Marekani. Tarehe 17 Oktoba 1961, vita vya uhuru wa Algeria vikiendelea, Waalgeria wa Paris na vitongoji vyake waliandamana kwa amani kupinga amri ya kutotoka nje usiku iliyowekwa dhidi yao peke yao. Polisi, chini ya mkuu wao Maurice Papon, waliwapiga, waliwafyatulia risasi, na wengine wakatupwa katika mto Seine. Zaidi ya watu 11,000 walikamatwa. Taarifa rasmi ya siku zile ilitaja vifo vichache vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wanahistoria leo wanazungumzia makumi kadhaa, na wengine wanafikia 200 au zaidi. Kwa miaka ishirini jambo hilo halikufundishwa shuleni na halikutajwa katika hotuba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Didier Daeninckx, aliyekulia katika vitongoji vya kaskazini mwa Paris, alilifanya kiini cha *Meurtres pour mémoire*, yaani Mauaji kwa Ajili ya Kumbukumbu. Mwalimu wa historia anapigwa risasi usiku wa maandamano, naye si mwandamanaji. Miaka ishirini baadaye mwanawe anauawa Toulouse baada ya kutoka katika jumba la nyaraka. Inspekta Cadin anaifuata njia ya wawili hao hadi kwenye masanduku ya karatasi za vita vikuu vya pili. Wote walikuwa wanakaribia jina la ofisa aliyesimamia kupelekwa kwa Wayahudi, watoto wakiwamo, kambini, na ambaye baada ya vita alipanda vyeo akabaki mtumishi mwaminifu wa dola. Maandamano yalitoa giza la kutosha kwa mauaji mengine kupita.

Uzito wa kitabu hiki hauko katika ubunifu. Mei 1981 gazeti la *Le Canard enchaîné* lilikuwa limechapisha nyaraka zilizomhusisha Papon, yule mkuu wa polisi wa mwaka 1961, na kupelekwa kambini kwa Wayahudi wa Bordeaux alipokuwa ofisa huko wakati wa vita. Kesi yake ilichukua miaka mingi. Alihukumiwa mwaka 1998, kifungo cha miaka 10, kwa kushiriki katika uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa mauaji ya Oktoba 1961 hakuwahi kushtakiwa. Daeninckx aliziweka jinai mbili za zama mbili ndani ya maisha ya mtumishi mmoja wa serikali, na Wafaransa wengi walisikia kwa mara ya kwanza habari za usiku ule kutoka kwenye kitabu cha bei nafuu cha jalada jeusi.

## Willy Gamba na adui wa nje

Riwaya ya Kiswahili ya kusisimua iliupokea mtindo wa mpelelezi sugu kwa mikono miwili: bunduki, baa, wanawake wazuri wenye siri, sentensi fupi, usiku wa jiji. Njama nazo zimejaa. Elvis Musiba aliipa riwaya yake moja jina la *Njama*. Lakini shujaa wake, Willy Gamba, anayeonekana katika *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, ni mtumishi wa idara ya usalama. Mkubwa wake akimpigia simu, simu hiyo ni ya kuaminika. Njama inatoka kwa Makaburu, kwa Wareno, kwa mabeberu na vibaraka wao, na vibaraka wakikamatwa taifa linapona.

Kuna wahakiki wanaoliona hilo kama woga. Hukumu hiyo si ya haki. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika tangu mwaka 1963, na adui wa nje hakuwa wa kubuni: tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa katika jiji hilo hilo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Msomaji wa Musiba alikuwa na sababu ya kuamini kwamba kifo kinakuja kwa posta kutoka ng'ambo. Joram Kiango wa Ben Mtobwa yuko karibu zaidi na Marlowe, kwa kuwa hakuajiriwa na mtu na huwaudhi polisi apendavyo. Hata hivyo Inspekta Kombora, polisi wa riwaya hizo, ni mtu mwema, na katika *Tutarudi na Roho Zetu?* vita ni na Makaburu. Mpelelezi wa Kiswahili alikuwa na mahali pa kupeleka ushahidi.

Kwingineko Afrika Mashariki hali ilikuwa tofauti. Katika *Petals of Blood* ya mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alichukua umbo la riwaya ya upelelezi akaligeuza. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wameteketea kwa moto huko Ilmorog, wanne wanashukiwa, na Inspekta Godfrey, askari hodari mwenye imani kamili na sheria, anatumwa kuchunguza. Maelezo ya washukiwa yanafungua habari za kijiji kilichonyang'anywa ardhi kwa mikopo ya benki, za barabara kuu iliyoleta wenye mali badala ya maji, za mbunge anayekula michango ya njaa. Inspekta anampata aliyewasha moto, na kesi inafungwa. Yale mengine yote ameyasikia, ameyaandika, na hakuna mahali kwenye fomu yake pa kuyajaza.